Nani Akae Mbele ya Kipoyi

Ukiisikia habari hii kwa watu wa Burungu, watakuambia kipoyi cha farasi kilianzia kwao, na kwamba wanaume wao ndio waliokibuni. Uongo mtupu. Kilianzia Kirolirwe, na waliokibuni ni wanawake wawili, na mmoja wao ni mimi ninayekusimulia. Naitwa Uwizeye, binti wa Sebarenzi mchunga ng'ombe. Wa pili ni Kavuo, binti wa Papa Mbusa mwenye duka, Mnande wa Butembo aliyehamia kwetu na magunia yake ya chumvi na picha kubwa ya Bikira Maria. Mwenye kutaka ubishi aje tu, farasi wapo na miti ipo.

Kwa asiyekijua, kipoyi ni machela ya miti. Huku kwetu mgonjwa asiyeweza kutembea hulazwa juu yake, wanaume wakakibeba mabegani mpaka kituo cha afya kilichoko chini barabarani. Pikipiki haziwezi kufika juu kwenye malisho, maana njia za huko ni za ng'ombe, na hata zingefika, mama mwenye uchungu utampakiaje nyuma ya pikipiki? Basi hubebwa mabegani, na mvua ikinyesha wanaume huteleza. Siku waliyomwangusha Mukandayisenga kwenye tope, mimba yake ikiwa imetimia, Kavuo na mimi tulikuwa nyuma yao juu ya farasi, tukitoka kupeleka sabuni na chumvi ya Papa Mbusa kwenye mashamba ya juu. Mukandayisenga hakuumia, lakini alilia kwa aibu, kwa sababu nguo zilimpanda na wanaume wote walikuwa wamesimama pale, hawajui waangalie wapi.

Kavuo alimtazama farasi wake, kisha akamtazama wangu.

"Uwize, ile miti inaweza kufungwa ku selle," akasema. "Farasi moya mbele, moya nyuma, mugonjwa katikati."

"Weye uko na wazimu," nikamwambia.

"Bon, niko na wazimu. Shuka unisaidie kufunga."

Tulifunga miti kwenye matandiko kwa kamba za ng'ombe, tukamlaza Mukandayisenga katikati, tukateremka pole pole. Wanaume walitufuata wakiwa kimya, na mimi nilifurahia ukimya wao kuliko ninavyoweza kueleza. Mtoto alizaliwa salama, wa kiume, na mpaka leo watoto wenzake wanamtania kwamba baba yake ni farasi.

Tangu hapo tukawa tunaitwa. Mara ya kwanza jirani, kisha vijiji vya kando, kisha wakaja watu wa mbali mpaka Muheto wakiuliza, "Wale wamama wa farasi wako wapi?" Tulikuwa bado wasichana, lakini walituita wamama, na sisi hatukukataa heshima. Wajawazito ndio waliotupenda zaidi. Mama mwenye uchungu akibebwa na wanaume lazima ajikaze, atafute kanga ya kujifunika, anyamaze. Kwetu alipiga kelele apendavyo.

Farasi wa Kavuo alikuwa jike mwekundu, na mimi ndiye niliyempa jina la Gaju, kama tunavyowaita ng'ombe wa rangi hiyo, maana baba yangu hakunifundisha namna nyingine ya kumpa mnyama jina. Wangu alikuwa wa kijivu, mali ya shamba kubwa alikofanya kazi baba. Huyo Kavuo ndiye aliyempa jina. Alimwita Sima, kama ile sima ya kujengea, yaani saruji, waliyouza dukani kwao. Nilikasirika wiki nzima. Lakini farasi alikwisha kulizoea jina.

Sasa sikiliza vizuri jinsi tulivyofanya kazi, kwa sababu mambo yote yanatoka hapo. Kavuo na Gaju walikuwa mbele, mimi na Sima nyuma. Mgonjwa hulazwa miguu yake ikielekea mbele na kichwa nyuma, ili wakati wa kuteremka damu isimjae kichwani. Kwa hiyo aliye nyuma anaona uso wa mgonjwa, lakini njia haioni kabisa, kipoyi kimemziba. Aliye mbele anaona njia, lakini mgonjwa hamwoni. Basi Kavuo alikuwa anaitaja njia kwa sauti, kila kitu, bila kunyamaza: "Jiwe, kushoto. Tope. Sasa inapanda. Mutoto wa ng'ombe, ngoja apite." Na mimi nilikuwa naangalia uso. Nikiona mama amekunja uso nasema polepole, nikiona amefumba macho nazungumza naye mpaka ayafumbue. Tukiteremka sikuwahi kuona njia hata siku moja. Nilipita penye makorongo yanayowatia watu kizunguzungu, na mimi namwangalia mama wa watu usoni, nikimtania kuhusu mume wake, kwa sababu Kavuo alikuwa amesema kushoto.

Wachunga ng'ombe wa kwetu walituona tukipita wakatucheka kidogo, hasa mimi. Huku milimani mwanaume aliye juu ya farasi hakubali kufuata mkia wa farasi wa mtu. Wakiwa wawili watabanana kwenye njia nyembamba mpaka mmoja aingie kwenye miiba, lakini nyuma hakai mtu. "Uwizeye, iko nini kule nyuma?" walikuwa wakiniuliza. "Unakula mavi ya farasi ya Mnande?" Niliwajibu kwamba nakula mavi na wake zao wanazaa salama, na kila mmoja aende kumuuliza mkewe.

Halafu Papa Mbusa akafungua dépôt, ghala la bidhaa zake, Walikale.

Alihitaji mtu wa kuisimamia, mtu mwenye macho, asiyedanganyika. Ana watoto wa kiume, wakubwa, wenye ndevu. Aliwaacha wote akamchagua Kavuo. Nilijivuna siku ile kama vile ni mimi niliyechaguliwa, nikazunguka kijiji nikiwaambia watu. Nilipofika nyumbani nikamwambia mama kwamba kichwa kinaniuma, nikalala mchana kweupe nikajifunika gubi gubi. Nililia. Sioni aibu kulisema.

Kavuo hakuweza kumchukua Gaju. Walikale ni msitu, majani ya kulisha farasi hakuna, na nzi wa kule wangemmaliza. Alimleta kwetu asubuhi ya kuondoka, tandiko likiwa limesuguliwa kwa mafuta.

"Gaju iko yako sasa," akasema. "Tafuta muntu ya kupanda naye. Usiache kazi."

"Nitapata wapi muntu?"

"Utapata. Mi nilikuwa nasema tu. Ata kasuku inaweza kusema jiwe."

Nilimkasirikia kwa neno hilo. Kwangu mimi sauti yake ilikuwa ndiyo macho yangu ya miaka yote, na yeye anaifananisha na kasuku. Tuliagana tukiwa tumenuna wote wawili, yeye akapanda kwenye lori la baba yake akakaa juu ya magunia, na alipofika kwenye kona akasimama wima, akapunga mikono yote miwili, na dereva akamfokea akae. Mimi nilisimama na hatamu za Gaju mkononi mpaka lori halisikiki tena.

Shida haikukawia. Sima alikuwa mali ya shamba, na Patron, mwenye shamba, alimwachia kazi ya kipoyi kwa kuwa kazi hiyo ilimpa jina zuri. Alikuwa anajisifu nayo kwa wageni. Kavuo alipoondoka, Patron alimwita baba yangu, akamwambia kwa upole, "Papa Sebarenzi, kama binti yako hana mwenzake, farasi irudi ku ng'ombe. Nangojea mupaka Pasaka." Baba aliniletea ujumbe huo wakati wa chakula. Aliuweka tu mbele yangu na kuendelea kula. Bila Sima kipoyi hakuna, maana farasi mmoja hawezi kubeba miti peke yake. Na watu wangerudi kuteleza kwenye tope na mama zao.

Nikatafuta mtu wa mbele. Wa kwanza alikuja mwenyewe: Evode, mchunga ng'ombe wa Burungu, mpanda farasi kwelikweli, mwenye kofia ya ngozi na maneno mengi. Tulimweka gunia la viazi badala ya mgonjwa. Evode alipanda Gaju, akapiga mluzi, akaondoka kana kwamba anafukuza wezi wa ng'ombe. Hakutaja jiwe hata moja. Viazi tulivikusanya mpaka jioni, na vingine vilikuwa vimefika mtoni kabla yetu.

"Kaka Evode," nikamwambia, "kama ile gunia ingekuwa bibi yako?"

"Bibi yangu anajua kushika," akasema kuhusu mkewe, akacheka.

Wa pili alikuwa Consolée, mwimbaji wa kwaya. Nilifikiri mwenye sauti nzuri ataitaja njia vizuri. Kumbe Consolée akiwa juu ya farasi sauti humkauka. Alifika kwenye jiwe, akasimama, akageuka kuniangalia, na macho yake yalinieleza kwamba kuna jiwe. Nilimfokea. Akashuka, akaenda zake, na Jumapili ile kanisani alikaa upande mwingine. Waliokuja baada yake walikuwa wanaume, na kila mmoja alitaka kukaa mbele, na kila mmoja alipokaa mbele alikimbia. Niliwafokea wote. Nilikuwa na hasira ya kutosha kijiji kizima.

Siku moja nikapanda kilima kile tunakopatia réseau, mtandao wa simu, na simu yangu ikalia mfululizo. Zilikuwa audio za Kavuo, zilizokuwa zimekwama kwa majuma. Nilikaa kwenye majani nikazisikiliza moja baada ya nyingine. Dépôt inaenda vizuri. Mvua ya Walikale haina adabu. Amekula nyama ya kukausha akaumwa tumbo. Kisha ya mwisho, sauti yake ikiwa ya chini kidogo:

"Uwize, hapa batu banasema mi niko muongo. Niliwaambia kwetu kuko kipoyi ya mafarasi, bibi wawili njo wanaipeleka, batu bote banaseka. Banasema kama ningekuwa mushujaa vile, ningekuya kuuzisha chumvi huku? Nimewajibu kipoyi iko na itakuwako. Nimeapa, Uwize. Usinifanye muongo."

Niliisikiliza mpaka betri ikaanza kulalamika. Sikumwambia kwamba kipoyi kimelala ghalani na kuku wanatagia juu yake. Ningemwambiaje, naye ameapa?

Nilichofanya badala yake, Kirolirwe nzima inakijua, kwa hiyo nisikufiche. Nilimwomba Kavuo anitumie audio ya njia. Aitaje njia yote kama alivyokuwa anaitaja, jiwe kwa jiwe, kutoka malisho ya juu mpaka barabarani. Yeye hakuuliza kwa nini. Naona alifikiri ni kwa ajili ya kumfundisha mtu. Alinitumia. Nikaifunga simu kwa kitambaa shingoni mwa Gaju, nikamrudisha Consolée kwa kumbembeleza, nikaweka gunia, nikabonyeza. Sauti ya Kavuo ikatoka: "Haya, twanze. Jiwe, kushoto."

Gaju akasimamisha masikio. Akageuza shingo upande huu, akaigeuza upande ule. Akamtafuta Kavuo nyuma yake, akamtafuta pembeni, kisha akalia kwa sauti kubwa na kushika njia ya dukani kwa Papa Mbusa, na Consolée juu, na gunia, na Sima na mimi tukiburutwa nyuma kwa sababu tumefungwa miti ile ile. Tuliingia uani kwa Papa Mbusa watu wakiwa kwenye foleni ya chumvi. Gaju aliingiza kichwa dirishani. Simu ilikuwa bado inasema, "Sasa inapanda, pole pole." Watu walicheka mpaka wakakaa chini. Papa Mbusa peke yake hakucheka. Alikuja akaizima simu, akamkuna Gaju kwenye paji la uso, akasema, "Hata mimi namutafuta." Akarudi ndani.

Ikabaki juma moja kabla ya Pasaka.

Asubuhi ya Jumamosi mvua ilinyesha tangu alfajiri. Nilikuwa nakamua ng'ombe, Evode akatokea anakimbia, bila farasi na bila kofia, tope mpaka kiunoni. Sikuwahi kumwona bila maneno. Mke wake Mukashema alikuwa kwenye kibanda cha malisho ya juu na uchungu ulikuwa umemshika tangu jana yake, na mtoto hatoki. Wanaume walikuwa wamejaribu kumteremsha mabegani, wakateleza hatua za kwanza tu, wakamrudisha.

"Dada Uwizeye," akasema. "Bibi yangu."

Tulipanda na farasi wote wawili. Mukashema alikuwa amelala kwenye majani makavu, midomo imemkauka, na mama mkwe wake anamshika mkono. Tulifunga miti. Kamba zilikuwa zimelowa, lakini mafundo ya kwangu hayajawahi kufunguka na siku ile hayakufunguka. Tulimlaza. Evode, bila kuuliza, akamwendea Gaju, akashika tandiko. Mbele. Alikuwa anatweta, na nikaona kwenye miguu yake kwamba atakimbia. Angeteremka mlima ule mbio na mke wake katikati, kwa sababu ya kumpenda.

Nikamtazama Mukashema. Alikuwa hanitazami mimi. Macho yake yalikuwa yanamtafuta mumewe.

Kazi ya kuangalia uso ilikuwa yangu. Sikuwahi kumwachia mtu na sikuwahi kufikiri kumwachia, na nakuambia ukweli, iliniuma kama kunyang'anywa mtoto. Nikamshika Evode mkono nikamtoa kwa Gaju.

"Weye nyuma," nikasema.

"Mi? Nyuma?" Hata katika hali ile alishtuka. "Mwanaume habaki ku mukia ya farasi ya mwanamuke."

"Haukai ku mukia ya farasi. Unakaa ku kichwa ya bibi yako. Mi nitaangalia njia, weye utamuangalia yeye. Akikunja sura, unaniambia. Akifunga macho, unamusemesha mupaka afungue. Ukiangalia njia nitakushusha."

"Na njia nitaionaje?"

"Hautaiona. Utanisikia."

Akapanda Sima. Mimi nikapanda Gaju, na kwa mara ya kwanza nikaiona njia yetu kwa macho ya anayeteremka, maana anayepanda huona mlima tu. Sikujua kama ni mbaya namna ile. Mkono wa kushoto korongo lilikuwa wazi, ukungu unapanda kutoka chini, na njia yenyewe si pana kuliko mlango. Tulikuwa tumepita hapo mara nyingi, Kavuo ameona haya yote, na sauti yake haikuwahi kutetemeka. Kumbe alikuwa ananificha. Nilimpenda siku ile kuliko siku zote nilizokaa naye.

"Jiwe, kulia," nikasema. Sauti ilitoka nyembamba. Nikaikaza. "Jiwe, kulia! Kisha tope. Sasa inateremka."

Gaju akatembea. Nyuma nilimsikia Evode akiongea na mkewe. Mwanzoni alikuwa anamwambia ajikaze, kama wanaume wanavyosema. Mukashema akapiga kelele, na Evode akapaza sauti, "Pole pole, Uwizeye, amekunja sura!" Nikapunguza. Baadaye akaacha kumwambia ajikaze. Alianza kumweleza jinsi alivyomwona mara ya kwanza, soko la Kitchanga, amebeba jogoo kichwani. Maneno yale sitayarudia, si ya kwangu. Sikugeuka nyuma. Shingo ilikuwa inaniwasha kwa kutaka kugeuka, lakini sikugeuka.

Tulifika kwenye kijito. Gaju akaingiza miguu ya mbele majini, akasimama. Nikampiga visigino taratibu. Hakwenda. Nikamwita, nikambembeleza, nikamtukana kwa Kinyarwanda na kwa Kifaransa kidogo ninachojua. Hakwenda. Maji yalikuwa yanaongezeka, na Mukashema alikuwa anaguna kwa namna niliyoijua, namna ya mtoto anayekaribia.

"Iko nini?" Evode akapiga kelele.

"Farasi imekataa!"

"Juu ya nini?"

Nilifumba macho. Nikajiweka nyuma, mahali pangu pa siku zote, juu ya Sima, hapa hapa kwenye kijito. Kavuo anasema, "Maji." Anasimama. Mimi nangoja Sima aweke miguu yake sawa kwenye mawe, namtazama mama, nikiona yuko vizuri nasema, "Twende." Ndipo tunavuka. Kila mara. Nilikuwa nalisema neno lile bila kulifikiria, nikidhani namwambia Kavuo. Kumbe Gaju ndiye aliyekuwa analisikiliza. Farasi wa mbele alikuwa anangoja ruhusa ya nyuma, miaka yote ile, na sisi wawili tulidhani anayeongoza ni Kavuo.

"Evode! Sima iko imesimama muzuri?"

"Iko muzuri!"

"Na Mukashema?"

Akakawia kidogo. Alikuwa anamwangalia. "Iko muzuri."

"Basi sema 'twende'!"

"Nimwambie nani?"

"Mwambie Gaju!"

Mchunga ng'ombe wa Burungu, aliyekuwa hajawahi kukaa nyuma ya mtu, akavuta pumzi akasema kwa nguvu, "Twende!" Gaju akavuka kana kwamba hakuwahi kusimama.

Mukashema alijifungulia kituo cha afya, mara tu tulipomshusha, msichana mnene mwenye hasira. Muuguzi aliniambia tungechelewa kidogo tungewapoteza wote wawili. Evode alikaa chini kwenye baraza, akamshika Sima mguu wa mbele, akalia bila kujificha, na watu waliokuwa wanasubiri dawa wakamwona. Kesho yake alikuwa amerudia maneno yake. Juma lililofuata Burungu nzima ilikuwa inajua kwamba nyuma ndiko anakokaa mwenye kutoa amri, na kwamba Evode amekaa nyuma. Hivyo ndivyo walivyopata ule uongo wao. Nimewaachia. Wachunga ng'ombe sasa wanagombania nyuma.

Patron alikuja mwenyewe siku ya Pasaka, akamwambia baba yangu mbele ya watu wote waliotoka misa kwamba Sima abaki. Baba, mtu asiyesema, alisema, "Nilijua." Nilinyoosha mgongo wangu mpaka ukauma.

Mwezi wa nane Kavuo akaja kututembelea. Alishuka kwenye lori amenenepa, amevaa viatu vyeupe, amemleta jirani yake wa Walikale, mwanamke anayeitwa Valérie, aliyeshika pua kwa ajili ya harufu ya ng'ombe. Tulikumbatiana mpaka watu wakatuambia imetosha. Gaju alimlamba Kavuo shingo yote. Siku nzima tulizunguka kila mtu na farasi wake, tukataniana, tukala jibini, na nilimsimulia kila kitu isipokuwa jinsi nilivyoogopa korongo. Yeye naye hakunisimulia. Tulielewana.

Siku ya pili wakaja kutuita. Bibi mmoja wa upande wa Muheto ameanguka, mguu umevunjika. Evode alikuwa karibu, akamleta Sima, tukafunga miti upesi. Nilipoinua kichwa nikamwona Kavuo ameshika hatamu za Gaju, mguu mmoja umeshapanda. Alifanya hivyo kama mtu anayeingia nyumbani kwake. Uso wake ulikuwa unang'aa. Na watu wote walikuwa wanatuangalia, na Valérie pia, ambaye ni mmoja wa wale waliomwita mwongo.

Ningeweza kumwachia. Alikuwa rafiki yangu na farasi alikuwa wake kwanza. Lakini Evode hakuwahi kusikia njia kwa sauti ya Kavuo, na Kavuo hakuijua mito kama ilivyobadilika na mvua za mwaka ule, na juu kule kulikuwa na bibi anayengoja na mfupa umetoka.

"Kavuo," nikasema. "Shuka."

Alinitazama. Niliona neno linavyomwingia. Liliniingia na mimi, likanikata hapa, na kama ningelazimika kulisema tena leo ningelisema. Alishuka, akanipa hatamu bila kuniangalia, akaondoka kwa haraka kuelekea chini na viatu vyake vyeupe kwenye majani yaliyolowa. Nilidhani anaenda kulilia dukani kwa baba yake. Sikuwa na nafasi ya kumfuata.

Tulimchukua bibi, tukateremka naye. Mahali njia inapokata shamba kubwa kuna bariyeri, miti inayozuia ng'ombe wasitoke, na siku zote mimi hulazimika kuita mpaka mtu asikie aje kufungua, na mgonjwa anangoja. Siku ile, kabla sijaita, nikaiona iko wazi. Kavuo amesimama katikati ya tope, mti mzito wa bariyeri begani, viatu havionekani tena, anawafukuza ndama kwa mguu na watu kwa mdomo.

"Tokeni mu njia! Kipoyi iko inapita! Weye na kikapu yako, toka!"

Valérie alikuwa pembeni yake, mdomo wazi, amesahau kushika pua.

"Angalia muzuri," Kavuo akamwambia kwa sauti ya kusikika mpaka ng'ambo. Alikuwa analia na kucheka, na hakujifuta. "Unaona ule wa mbele? Njo pahali yangu pale. Mi njo nilimuachia."

Nilipita karibu naye kiasi cha kuweza kumgusa kichwa. Sikumgusa, mikono yangu yote miwili ilikuwa na kazi.

"Tope mbele," nikasema, ili Evode asikie.

Na Kavuo, aliyekuwa amesimama kwenye tope hilo hilo, akasogea pembeni na mti wake begani ili sisi tupite.